Nyama ya Jumapili: Hatujambo Wote

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, kipaza sauti cha Baraza la Walaji kilikoroma mara mbili, kisha sauti ya Bibi ikajaa ukumbini.

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

Bibi mwenyewe alikuwa kwenye benchi la mbele, mkoba mapajani, mdomo umefungwa. Watu wakageuka kumtazama, wakageuka tena kukitazama kipaza sauti.

Ndiyo, msomaji. Ile flashi ambayo wakili wa kampuni aliinyanyua juu Jumanne iliyopita, kama mwamuzi anayetoa kadi nyekundu, haikuwa mkwara. Ilikuwa na kitu ndani, na kitu chenyewe kilikuwa simu.

“Sijambo, mama,” ilisema sauti ya msichana, laini, ya kufundishwa kazini. “Habari za hapo nyumbani?”

“Nzuri.”

“Watoto hawajambo?”

“Hawajambo. Hatujambo wote, tunamshukuru Mungu.”

“Mama, napiga kutoka kampuni ya vyakula vya kugandisha. Ile nyama ya kusaga tuliyotangaza jana, mlinunua?”

“Tulinunua, mwanangu.”

“Mlishaila?”

“Jumapili tulikula.”

“Basi iliyobaki msiile, irudisheni dukani mtarejeshewa bei yenu. Sawa, mama?”

“Sawa, mwanangu.”

“Kwa hiyo hamna neno?”

“Hatuna neno.”

Kipaza sauti kikanyamaza. Karani akakizima.

Wakili wa kampuni alifunga kifungo cha koti taratibu, kama mtu aliyemaliza kula. Suti yake ilikuwa na mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Bibi alimwita Mtanashati tangu siku ya kwanza, na jina likamganda.

“Mheshimiwa Mwenyekiti,” alisema Mtanashati, “sina la kuongeza. Mlalamikaji mwenyewe amekwisha kuitetea kampuni.”

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma, mambo yaliyothibitishwa ni haya. Jumapili Bibi alipika nyama ya kusaga iliyogandishwa, iliyotoka dukani ikiwa imefungwa vizuri. Mjukuu wake wa miaka sita, anayeitwa Chiriku kwa sababu hanyamazi, aliila na kuomba nyongeza. Alhamisi kampuni ilitangaza kwamba nyama ya toleo lile ina bakteria na irudishwe. Ijumaa ikapiga simu kwa wateja waliokuwa wameacha namba zao dukani ili kupata punguzo. Bibi alikuwa mmoja wao. Jumamosi Chiriku akalazwa. Figo zake ziligoma, na hadi leo damu yake inasafishwa kwa mashine.

Maabara imekwisha kusema: bakteria waliomwangusha mtoto ndio wale wale waliokutwa kwenye nusu mfuko uliobaki ndani ya friza. Kampuni haibishi hilo. Inachobisha ni siku. Na siku hiyo moja ndiyo itakayoamua nani ailipie mashine, mwaka huu na miaka ambayo daktari hataki kuitaja idadi yake.

“Ijumaa mtoto hajambo,” alisema Mtanashati. “Si mimi ninayesema, ni nyanya yake. Ijumaa hiyo hiyo anaambiwa, ‘iliyobaki msiile.’ Anajibu, ‘sawa.’ Jumamosi mtoto yuko wodini. Mheshimiwa, nusu ya mfuko haipo. Ililiwa lini? Kama ililiwa baada ya onyo, kampuni ilifanya wajibu wake na familia haikufanya wa kwake.”

“Ililiwa Jumapili!” Sauti ilitoka benchi la mbele.

Ilikuwa ya mama yake Chiriku. Anafundisha udereva, na wanafunzi wake wanaifahamu sauti hiyo: ndiyo inayotangulia breki.

“Mwalimu, keti,” alinong’ona mumewe. Mume ni fundi wa vioo, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Kusema hupima mara tatu.

“Nikae niangalie mtoto wangu anaambiwa alijilisha sumu mwenyewe?”

“Mama Chiriku,” alisema Mwenyekiti bila kupandisha sauti, “zamu yako ilikuwa juzi. Keti.”

Mwenyekiti ni mama mstaafu wa mahakama, mwenye miwani miwili: mmoja wa kusomea, mwingine wa kuwatazamia mawakili. Sasa alivaa wa pili. “Wakili wa mlalamikaji, una jibu?”

Wakili wa familia alisimama. Ni wakili wa msaada wa kisheria, kwa hiyo mteja halipi na kiti chake ofisini kina mguu uliofungwa kamba. Watu humwita Nukta, kwa sababu ndivyo anavyomaliza hoja zake.

“Mheshimiwa, kilichosikika hapa ni salamu. Salamu si ushahidi. Nukta.”

“Fafanua.”

“Nitafafanua kwa msaada wa mwenzangu.” Nukta alimgeukia Mtanashati. “Wakili mwenzangu, sijakusalimu leo. Habari za asubuhi?”

“Nzuri,” alijibu Mtanashati, macho kwenye makaratasi yake.

“Nyumbani hawajambo?”

“Hawajambo.”

“Na mgongo?”

“Haujambo, nashuku…”

Akakwama hapo. Wiki mbili nyuma kikao kiliahirishwa kwa sababu ya mgongo wake, na asubuhi ile ile alikuwa ameingia ukumbini na mto wa kukalia. Mto ulikuwa pale kitini, wa bluu, na kila mtu aliuona.

Ukumbi ulicheka. Hata karani aliinama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

“Haujambo, lakini umekuja na mto,” alisema Nukta. “Wala hajasema uongo, Mheshimiwa. Amejibu salamu. Kwetu mtu aliyefungwa bendeji kichwa kizima ukimuuliza habari atasema nzuri. Ukimjibu mtu ‘mbaya’ kabla hajakaa, atadhani umemfukuza. Nukta.”

Mwalimu alimshika mumewe mkono. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alitabasamu.

Tabasamu halikudumu.

“Baraza linajua salamu ni nini,” alisema Mwenyekiti. “‘Nzuri’ na ‘hawajambo’ nitazipa uzito wa salamu. Wakili wa kampuni?”

“Nakubali, Mheshimiwa.” Mtanashati alikubali upesi mno, na hilo lilimtia Nukta wasiwasi. “Zitupwe zote. Nabaki na moja tu. Swali la mwisho lilikuja baada ya salamu kwisha, baada ya nyama kutajwa, baada ya onyo kutolewa. ‘Hamna neno?’ Jibu: ‘Hatuna neno.’ Mtu aliyeulizwa kuhusu chakula chenye bakteria, ana mtoto anayeumwa mbele yake, halafu hana neno! Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.”

Bibi aliinua kichwa.

“Baba, mjukuu wangu yu hai. Hicho kilio kipeleke kwenu.”

“Bibi, utapewa nafasi,” alisema Mwenyekiti. “Tena nakupa sasa hivi. Njoo hapa.”

Bibi alikwenda na mkoba wake. Aliapa, akaketi, akaunyoosha mgongo ambao haukuhitaji mto.

“Ijumaa ile, mtoto alikuwa na hali gani?”

“Tumbo lilimkata tangu alfajiri. Akienda msalani akirudi, akienda akirudi, mpaka akaacha kuzungumza. Hapo ndipo nilipoogopa. Yule akinyamaza kuna jambo.”

“Msichana wa kampuni alipopiga, mtoto alikuwa tayari mgonjwa?”

“Alikuwa amelala kwenye mkeka mbele yangu.”

“Ulimwambia?”

Mwalimu alikuwa amesogea mpaka ncha ya benchi. Jibu la neno moja tu lilitakiwa, na neno lenyewe lilikuwa ndiyo.

“Sikumbuki,” alisema Bibi.

“Fikiri vizuri.”

“Nimefikiri sana, mheshimiwa mama. Nakumbuka nilikuwa nachemsha maji ya kumpa. Nakumbuka simu ililia nikafuta mkono. Nilichomwambia, sikikumbuki. Pale nimesikia sauti yangu kama ninyi mlivyoisikia.”

Mtanashati hakuuliza swali hata moja. Aliketi kwenye mto wake.

Mwenyekiti alitoa mapumziko ya nusu saa, na familia ikatoka kwenye korido ndefu yenye viti vya plastiki na mashine ya maji isiyotoa maji.

“Sikumbuki!” Mwalimu alilipukia pale pale mlangoni. “Mama, wewe unakumbuka nani alikuja harusini kwetu mikono mitupu! Unakumbuka nani alikula mara mbili! Leo unaulizwa kuhusu mjukuu wako, hukumbuki?”

“Mwalimu, tulia,” alisema mumewe.

“Usinitulize. Mimi si kioo.”

“Unataka niseme uongo, mkwe wangu?” aliuliza Bibi.

“Nataka useme!”

“Nimeapa. Neno nisilolikumbuka siwezi kulitia mdomoni. Wakinigundua kwa hilo moja, hata yale ya kweli watayatupa.”

Hoja ilikuwa sahihi kisheria, na ndiyo maana ilimkera Mwalimu zaidi. Aliipiga teke mashine ya maji. Mashine ikatoa tone moja.

Hapo ndipo Mtanashati alipotokea, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika karatasi iliyopigwa chapa.

“Wazazi, poleni. Mimi pia ni baba.” Aliwapa karatasi. “Kampuni haina hatia, lakini ina utu. Italipa hospitali kwa yote yaliyopita mpaka leo. Itawarejeshea bei ya nyama. Na kwa mwaka mzima mtapata bidhaa zetu bure.”

“Bidhaa gani?” aliuliza Mwalimu.

“Zote.”

“Nyama ya kusaga?”

Mtanashati alikohoa. “Hata mboga zipo.”

“Nashukuru. Mwanangu figo zimekufa, mnampa njegere.”

“Ofa inakufa tukirudi ndani,” alisema Mtanashati, na sauti ya ubaba ilikuwa imekwisha kuondoka. “Yule mama ameshawamaliza, nanyi mnajua.”

Akaondoka. Viatu vyake vilisikika korido nzima.

Baba Chiriku aliisoma karatasi taratibu, kidole kikifuata mistari. Akafika chini, akairudia.

“Tutie sahihi,” alisema.

“Nini?”

“Mashine inaendeshwa leo, Mwalimu. Leo, kesho kutwa, na siku nyingine baada ya hapo. Hospitali wameshatuita ofisini mara mbili. Tukishindwa hapa, tunaanza na nini?”

“Wakili, mwambie!”

Nukta aliichukua karatasi, akaonyesha mstari wa mwisho. “Hapa. ‘Malipo kamili na ya mwisho.’ Ukitia sahihi, umefunga huu mlango na ile mingine yote. Chiriku akihitaji figo mpya akiwa na miaka kumi na tano, kampuni itawaonyesha sahihi hii.”

“Na tusipotia, tukashindwa hapa?”

“Mtakata rufaa. Au mtaenda mahakamani kudai fidia kwa uzembe. Hiyo haki inabaki.”

“Inachukua muda gani?”

Nukta alitazama dari. “Watoto wanakua wakati kesi hizo zinaendelea.”

“Umeona?” alisema Baba Chiriku.

“Kuna wateja wengine walioumwa,” aliendelea Nukta. “Wangejitokeza, tungeungana tukafungua shauri moja. Lakini wengi walirudisha mfuko, wakapewa bei yao, wakatia sahihi dirishani bila kusoma. Kile kijikaratasi nacho kina mstari kama huu.”

“Hata waliolazwa?”

“Hata wao.”

“Wajanja!” Mwalimu alitembea mpaka dirishani akarudi. “Mimi niliwapigia hawa watu. Bonyeza moja kuagiza, bonyeza mbili kulalamika. Nimebonyeza mbili mpaka kidole kimeota sugu. ‘Simu yako ni muhimu kwetu,’ halafu muziki. Mwezi mzima wa muziki! Wao wakapiga mara moja tu, mara moja, na nani akapokea? Bingwa wa salamu!”

“Mwenye simu ni mimi,” alisema Bibi. “Ningemwachia nani apokee, mgonjwa?”

“Ungemwambia mtoto anaumwa! Miaka minane nimekaa na ila zako, Mama. Minane! ‘Harusi ilikuwa nzuri, ila keki kavu.’ ‘Nyumba nzuri, ila jua linaingia jikoni.’ ‘Mkwe wangu mzuri, ila anaendesha gari kama mwanamume.’”

“Sikusema kama mwanamume,” alisema Bibi. “Nilisema kama mwizi.”

“Hata kama! Hujawahi kusema ‘nzuri’ ikaishia hapo, tangu nikujue! Siku moja tu ya maisha yako ilipotakiwa ila, ikakauka?”

Nukta alikuwa anakunja ile karatasi. Akaacha.

“Rudia,” alisema.

“Nirudie nini? Amesikia.”

“Si yeye. Mimi.” Nukta alimgeukia Bibi. “Mama, mtu akikuuliza habari, unamjibu nzuri. Halafu?”

Bibi alimtazama kama anayeulizwa jua linatoka wapi. “Halafu ndiyo nampa habari zenyewe.”

“Kila mara?”

“Sasa mtu akuulize, umnyime?”

“Na ukimaliza mazungumzo, unakata simu au unaaga?”

“Wakili, mimi nimelelewa. Naaga. Namwambia asalimie na wa kwao.”

“Basi zote mbili hazimo,” alisema Nukta polepole. “Hakuna ila, na hakuna kwaheri. Rekodi inaishia kwenye ‘hatuna neno’. Hapo mtu hata simu hajaishusha sikioni.”

Baba Chiriku alimgeukia mama yake.

“Unakumbuka ulimuaga?” aliuliza Baba Chiriku.

“Silikumbuki hilo pia, mwanangu,” alisema Bibi. “Sitaki nikudanganye. Ila sijawahi kumkatia mtu simu.”

“Hiyo ila yako ya sasa naipenda,” alisema Mwalimu. Haukuwa msamaha. Ilikuwa taarifa.

Nukta alitazama mlango wa ukumbi. Karani alikuwa ameshaanza kuita watu.

“Nisikilizeni vizuri, maana sitaki mniambie baadaye sikusema. Inawezekana kweli hakusema neno. Inawezekana simu ilikatika yenyewe. Nikiidai rekodi nzima, ofa ya kampuni inakufa. Rekodi ikija ikaonyesha hakuna kitu, mnarudi nyumbani mkono mtupu, na bili ya hospitali inawasubiri mlangoni. Nyinyi ndio wa kuamua.”

Baba Chiriku aliipokea karatasi kutoka mkononi mwake. Akaipima kwa macho, akampa mkewe.

“Wewe ndiye mwenye breki,” alisema.

Mwalimu aliichana katikati. Kisha akazichana nusu zake.

“Sina muda wa kushika breki,” alisema. “Twende.”

Walipoingia, Mtanashati alikuwa ameshaketi, kifuniko cha kalamu mkononi, tayari kwa sahihi. Mwalimu alipita mbele yake na kumwekea vipande vya karatasi juu ya meza.

“Mboga zako,” alisema.

“Mheshimiwa,” alianza Nukta, “tunaomba rekodi nzima.”

“Mmeisikia nzima,” alijibu Mtanashati.

“Tumesikia simu isiyo na kwaheri. Nani hukata simu hivyo?”

“Siku hizi watu wengi.”

“Wateja, labda. Mfanyakazi wa huduma kwa wateja hamkatii mteja simu, anafukuzwa kazi. Yule msichana hakumwambia hata asante. Mheshimiwa, tunaomba kujua simu hii ilidumu muda gani, na rekodi hii ni ya muda gani.”

Mwenyekiti alibadilisha miwani. “Wakili wa kampuni?”

Mtanashati alisimama polepole kuliko mgongo ulivyohitaji. “Mfumo wetu huhifadhi sehemu muhimu ya mazungumzo, Mheshimiwa. Sehemu zisizo muhimu hufutwa baada ya muda. Ni taratibu za kawaida za kampuni.”

“Muhimu kwa nani?” aliuliza Mwenyekiti.

“Kwa… kwa kumbukumbu.”

“Na nani anayeamua ipi ni muhimu?”

“Idara husika.”

“Kwa hiyo kuna sehemu iliyofutwa.”

Mtanashati alikuwa ameliona shimo, lakini mguu mmoja ulikuwa umeshaingia. “Huenda ikawepo. Ya kuagana tu.”

Mnong’ono ukapita ukumbini. Mwalimu alimkamata mumewe kiwiko kwa nguvu kiasi kwamba baadaye pangekuwa na alama.

“Kwa maana hiyo, kwenye rekodi uliyotuletea ukasema ‘sina la kuongeza’,” alisema Mwenyekiti, “kuna la kuongeza, ila mmelifuta.”

“Mheshimiwa, hilo linatibika.” Mtanashati alijikusanya, akanyoosha tai. “Kampuni haina cha kuficha. Aliyepiga simu hiyo bado ni mfanyakazi wetu, na nimekuja naye. Yuko nje tangu asubuhi. Amekwisha kuandika maelezo kwamba hakuna jambo lolote la maana lililosemwa baada ya pale. Nilimleta athibitishe sauti tu, lakini aulizwe chochote.”

Nukta alifunga macho. Hakuwa amejua kuhusu huyo. Maelezo yaliyoandikwa, shahidi anayekula mshahara wa kampuni, dhidi ya Bibi asiyekumbuka. Alimwangalia Mwalimu. Mwalimu alikuwa anavitazama vipande vya karatasi mezani, kama mtu anayehesabu kama vinaweza kuunganishwa.

“Aitwe,” alisema Mwenyekiti.

Aliingia msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, kitambulisho cha kampuni kikiwa shingoni kwa utepe wa kijani. Kabla ya kufika kwenye kiti cha shahidi alipita mbele ya benchi la familia, akasimama.

“Shikamoo, mama.”

Sauti ile ile ya kwenye kipaza sauti.

“Marahaba, mwanangu,” alisema Bibi.

Msichana alibaki pale kidogo, kana kwamba alitaka kuuliza jambo linalofuata, lile ambalo huulizwa siku zote. Hakuliuliza. Akaenda kuapa.

“Wewe ndiye uliyepiga simu tuliyoisikia?” aliuliza Mwenyekiti.

“Ni mimi.”

“Kwenye rekodi, mama anasema ‘hatuna neno’, kisha kimya. Simu ilikatika hapo?”

“Hapana, Mheshimiwa. Haikukatika hapo.”

“Kwa hiyo mliendelea kuzungumza.”

“Tuliendelea.”

Mtanashati alinyanyuka. “Mheshimiwa, shahidi ameshaandika maelezo yake, yako mbele yako, aya ya…”

“Ninayo. Keti, usije ukaumia.” Mwenyekiti hakumtazama. “Binti, maelezo haya yanasema hakuna jambo la maana lililosemwa baada ya pale. Sahihi ni yako?”

“Sahihi ni yangu.”

“Na maneno?”

Msichana alishika utepe wa kijani, akauvutavuta. Baba Chiriku alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

“Nakuuliza kwa njia nyepesi,” alisema Mwenyekiti. “Mama huyu alikwambia kwamba mtoto anaumwa? Na kama alikwambia, wewe ulimwambia nani?”

“Pingamizi!” Mtanashati alipiga meza. Vipande vya karatasi vikaruka, vingine vikaanguka sakafuni. “Hayo ni maswali mawili, na la pili halimo kwenye malalamiko!”

“Pingamizi limekataliwa. Binti, jibu.”

Msichana alimtazama Mtanashati. Mtanashati alitikisa kichwa, kidogo sana, lakini Nukta aliona, na karani aliona.

Msichana alivua kitambulisho shingoni. Alikiweka mezani mbele yake, picha ikiangalia chini, akakunja mikono juu yake.

“Mheshimiwa,” alisema, “kabla sijajibu hilo la pili, naomba nipate wakili wangu mwenyewe. Si huyu.”